Mwindaji Asiye na Mbwa

Kijiwe chenyewe ni benchi refu la mbao ndani ya jengo la maduka la Hässelby, pale laini ya kijani ya treni inapoishia, likitazamana na duka la mikate. Usitafute jiko la mkaa hapo, hakuna. Kuna binti wa duka na mashine yake, na kuna utaratibu mmoja mzuri wa nchi hii ya Waswidi: ukilipia kikombe cha kwanza cha kahawa, cha pili unajimiminia bure. Basi kila Jumamosi asubuhi watu wazima wanne hukaa hapo saa tatu nzima wakiirekebisha dunia. Yupo Kariuki, Mkenya anayekuja kutoka kitongoji cha Upplands Väsby, waliyempachika jina la Takwimu kwa kuwa alikuja kusomea hesabu akaishia kuendesha basi, na hesabu hazijamtoka. Yupo Gervas wa Kigoma, Kamanda, aliyekuwa mgambo kwa miezi mitatu zamani hizo na mpaka leo anakaa kifua mbele. Yupo Ghislaine, Mnyarwanda, mkalimani wa mahakamani na hospitalini, ambaye akikohoa tu wanaume hunyamaza. Na yupo Anastase wa Bujumbura, Dokta, ambaye si daktari hata kidogo. Kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwapa dawa zao.

Jumamosi hiyo ya Machi Dokta alikuja na jambo limemkaa kooni. Mara nne kwa wiki huenda nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Folke, miaka themanini na mitatu, kumwogesha mkewe Birgit. Birgit kumbukumbu zimemtoka, majina yote yamempotea, hata la mumewe. Folke ni mwindaji tangu ujana. Kila vuli alikuwa akiingia msituni na mbwa wake kumfuata älg, mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, na bunduki yake ina kibali na hulala kwenye kabati la chuma kama sheria inavyotaka. Sasa Alhamisi Anastase alimkuta ameiweka bunduki mezani jikoni, anaipaka mafuta. Miezi ya kuwinda bado iko mbali. Na mbwa hayupo. Alipomuulizia, akaambiwa amepewa mpwa wa mzee, akae naye moja kwa moja. Kisha Folke akamimina kahawa, akasema kwa utulivu kabisa kwamba yeye na Birgit watasafiri pamoja kabla ya majira ya joto, maana hawezi kumwachia watu baki.

Anastase alikunywa ile kahawa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliinywa akaimaliza, akashukuru, akavaa viatu vyake akaondoka. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Jumamosi na Jumapili Folke hataki mtu, humhudumia mkewe mwenyewe. Kwa hiyo mpaka Jumatatu hakuna mguu wa mtu utakaokanyaga nyumba ile, na Anastase alikuwa amelala usiku mbili macho kodo.

Alipofika, mjadala ulikuwa umeshapamba moto, na kama vile ni makusudi, ulikuwa wa bunduki. Kariuki alikuwa amesoma gazeti kwenye treni. Siku hiyo alikuja na shemeji yake Dorothy, mke wa mdogo wake Ronny, aliyetua kutoka Nakuru wiki sita tu zilizopita. Dorothy alikaa mwisho wa benchi na koti lake zito bila kulifungua, akisikiliza.

Kariuki alikuwa akieleza kwamba nchi hii bunduki haipatikani hivihivi. Unafanya mtihani, polisi wanakuchunguza, unanunua kabati la chuma, ndipo upewe. Watu wenye bunduki za kuwindia ni wengi ajabu, na hao hawaui mtu. Wanaoua ni vijana wenye bunduki za magendo zisizojulikana na serikali. Kwa hiyo, kwake yeye, bunduki iliyoandikishwa haina neno.

Gervas hakuridhika. Alidai kwamba kinachopunguza mauaji hapa ni baridi, kwa sababu mtu aliyevaa glavu nene hawezi kufyatua. Kariuki akamwambia kuna nchi za baridi zaidi watu wanauana vizuri tu. Gervas akabadilisha. Akapendekeza kila raia apewe bunduki lakini risasi zigawiwe dirishani kama vidonge vya hospitali, moja moja, na ukitaka ya pili urudishe ganda la kwanza. Walipomcheka, akapanda juu zaidi: kibali cha bunduki kisitolewe na polisi, kitolewe na mama mkwe wa mwombaji, kwa sababu polisi anaangalia karatasi na mama mkwe anaijua tabia.

— Basi hakuna mwanamume atakayepata, alisema Ghislaine.

Hata Anastase alicheka hapo, ingawa kicheko kiliishia njiani. Halafu Ghislaine akakizungusha kikombe chake na kusema jambo ambalo halisemi mara nyingi.

— Kwetu hawakungoja bunduki. Lakini palipokuwa na bunduki, walimaliza haraka.

Binti wa duka alikuwa akipanga mikate, wakamtazama kana kwamba ni kazi ngeni. Kariuki ndiye aliyerudi kwenye mazungumzo kwanza, na kwa heshima, maana anajua Ghislaine aliwapoteza akina nani kule. Alisema hilo ndilo hasa alilolisoma chuoni. Silaha haimfanyi mtu awe muuaji. Inachofanya ni kufupisha njia kati ya nia na kitendo.

— Ndiyo maana nasema sheria ni poa, aliendelea. Haimzuii mtu mbaya, huyo atatafuta tu. Inamchelewesha mwenye hasira. Akingojea karatasi miezi sita, hasira imeisha, ameenda zake nyumbani.

Anastase alijisikia akifungua mdomo.

— Na asiye na hasira?

— Asiye na hasira ataua kwa nini?

— Tuseme hana hasira na mtu yeyote. Ana karatasi zake zote. Ana kabati la chuma.

Akawasimulia, lakini akaanza kwa kusema ni rafiki yake mmoja anayefanya kazi kama yake, kwa sababu amesaini kutunza siri za wazee wake na hakutaka kutaja jina wala mtaa. Alitaja mafuta, meza, mwezi wa Machi, mbwa aliyepelekwa kwa mpwa, safari ya watu wawili. Ghislaine alimtazama mara moja tu akamjua huyo rafiki ni nani.

Kariuki alilichukua jambo kitaalamu. Mzee wa miaka themanini na mitatu, hana kosa hata moja, amekaa na bunduki nusu karne. Wazee kama huyo ni maelfu, na wanaomuua mke kisha wakajiua ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hesabu tu, rafiki yake Dokta anajitia hofu. Na kumripoti kwa jambo dogo kama hilo kunaweza kumharibia mzee wa watu heshima yake ya miaka yote.

Gervas alikuwa ameinamisha kichwa. Mke wake alibaki Kigoma, na kwa simu wameongea mpaka maneno yamekauka.

— Mimi nikisikia hivyo nasema huyo ni mume, alisema. Mwanamume ameishi na mke wake miaka sitini na hataki amwache nyuma. Hayo ni mapenzi, ndugu zangu. Sisi tutakufa huku kila mtu na chumba chake.

Hakuna aliyemcheka. Anastase naye alikuwa ameshafikiri hivyohivyo, usiku, na alipofikiri hivyo alilia. Folke ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kumwita Anastase kwa jina zima, tena kwa kulitamka sawasawa. Kila vuli humfungia kifurushi cha nyama ya älg akampelekee mkewe Colombe. Siku mama yake Anastase alipofariki Bujumbura, Folke alivua kofia akasimama naye bustanini kimya, wakatazama miti. Huyo ndiye mtu ambaye sasa Anastase anatakiwa kumripoti kwa simu.

Ghislaine aliuliza kwa sauti ya chini.

— Huyo rafiki yako anaogopa nini hasa? Kazi?

— Si kazi.

Basi akalitoa ambalo hajawahi kulitoa kijiweni miaka kumi na minne. Wakati wa vita, mtaani kwao kulikuwa na fundi cherehani, mtu mpole, aliyemshonea Anastase suruali ya kwanza ya kwenda sekondari. Kuna mtu aliwanong'oneza wanajeshi kwamba fundi ana bunduki ndani. Walikuja mchana. Walipindua nyumba nzima, hawakukuta hata msumari wa kutisha, na bado waliondoka naye, na hakurudi. Aliyenong'ona hakujulikana. Mtaa mzima uliendelea kusalimiana na mtu huyo kila asubuhi bila kujua ni yupi. Anastase alikuwa na miaka ishirini na miwili, akajiapia kwamba maneno hayo, fulani ana bunduki, hayatatoka kinywani mwake maisha yake yote.

— Kwetu ukisema hivyo, bon, umeshamuua mtu, alisema.

Alikuwa ameacha kumtaja rafiki, na hakuna aliyemkosoa. Kariuki alisema taratibu kwamba hapa si kule, polisi wa hapa wataichukua bunduki na kumpeleka mzee kwa daktari. Anastase akajibu kwamba hilo analijua kwa kichwa. Gervas akasema labda mzee alikuwa anatania. Kariuki akasema labda alimaanisha safari kweli, wazungu hawa wanapenda meli. Ghislaine akasema Dokta anaweza kuchelewa na ikawa yamekwisha, na anaweza kuwahi na ikawa amemvunja mtu moyo bure, na hakuna takwimu itakayomwambia ni lipi. Wakaanza tena kubishana, kila mtu akimtetea Folke au akimwogopa: anapenda kiasi gani, anateseka kiasi gani, ana haki gani na bunduki yake. Dakika kumi nzima walimzungumzia Folke.

Dorothy alikuwa hajasema neno tangu salamu. Alikiweka kikombe chini.

— Samahani, mzee, alimwambia Anastase. Huyo mama mwenyewe, kuna mtu amemuuliza kama anataka kwenda?

Kariuki alianza kusema kitu kuhusu ugonjwa wa kusahau, akakiacha katikati. Gervas aliangalia viatu vyake. Ghislaine, ambaye kazi yake ni kuwasemea watu waliokaa chumbani huku wengine wakiamua mambo yao, alifumba macho, na Anastase aliona aibu imempata hata yeye. Dorothy aliwatazama mmoja baada ya mwingine akingoja, kwa sababu kweli alikuwa anauliza.

Anastase alikuwa anamwona Birgit wa Alhamisi. Alikuwa amemkausha mgongo kwa taulo la moto na yeye akaguna kwa raha. Kisha alikula uji bakuli zima, akalisukuma bakuli mbele, akasema aongezwe. Akala na la pili, akalamba kijiko, akauliza kama ndege wameanza kurudi. Hajui jina la mtu aliyekuwa anapaka mafuta ile bunduki hatua tatu kutoka alipokaa. Lakini uji aliutaka, na alitaka uongezwe.

Alisimama bila kuaga, akatoka nje ya milango ya kioo, akampigia msimamizi wa zamu. Kiswidi chake, ambacho kwa kawaida humwelemea kwenye simu, siku hiyo kilinyooka. Alitaja jina la Folke na la Birgit, anwani, kabati la chuma, meza, mbwa, na maneno ya mzee kama yalivyosemwa. Msimamizi alimuuliza kama ana hakika. Alijibu kwamba hana hakika, ila anaogopa, na anaomba waende leo. Yule msimamizi akasema anawapigia polisi na muuguzi sasa hivi, na kwamba Anastase abaki mbali na nyumba mpaka watakapomaliza, kisha aende zake nyumbani apumzike.

Alibaki mbali kweli. Lakini nyumbani hakwenda. Alitembea mpaka kituo cha basi mtaani kwa Folke, ng'ambo ya barabara, akakaa humo na kofia imeshushwa masikioni. Aliliona gari la polisi likifika polepole, bila king'ora. Baada ya saa moja na ushei askari wawili walitoka, mmoja amebeba kitu kirefu kilichofungwa vizuri, wakaondoka taratibu kama walivyokuja. Gari dogo la muuguzi lilibaki mlangoni. Angeweza kupanda basi hapohapo. Hakuna aliyekuwa amemtaja, na Jumatatu angeingia na begi lake, angesalimia, na mzee angemmiminia kahawa.

Aliinuka akavuka barabara, akagonga.

Folke alifungua mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la kutokea, amechana nywele, na alionekana kama amepungua tangu Alhamisi. Ndani ilisikika sauti ya muuguzi akiongea na Birgit.

— Hawakutaka kuniambia ni nani, alisema Folke.

— Ni mimi.

Mzee alimtazama. Anastase aliyaacha maneno aliyoyatayarisha njiani, ya kushukuru, ya kuomba radhi. Alibaki amesimama ili atazamwe.

— Nilikufungulia nyumba yangu, Anastase.

— Ndiyo.

— Nilikuonyesha kila kitu.

— Ndiyo. Ni mimi niliyesema.

Folke aliushika mlango kwa mikono miwili, na kwa muda Anastase hakujua kama anaufunga au anauegemea. Kutoka jikoni Birgit aliuliza kwa nguvu ni nani amekuja na kwa nini haingii. Folke aligeuza kichwa kuisikia sauti ile, kisha akasogea pembeni.

— Ingia basi, alisema. Usisimame hapo na mlango wazi, atasikia baridi.