Gunia Langu Lilipochomwa Bambo

Asifiwe Mungu aliyenishika mkono nikafika mbele yenu, ndugu zangu. Nimeandika kwa sababu nikiongea bila karatasi nalia, na nikilia nasahau. Niliishia darasa la nne, mnivumilie.

Siku niliyotamani ardhi ipasuke ni ile ya pale sokoni Mpanda, mnunuzi wa Tabora alipochoma gunia langu bambo. Nyie msiouza nafaka, bambo ni kile kichuma chenye tundu, kinachomwa kwenye gunia kinatoa mchele wa ndani kabisa. Hakuwahi kunichoma, ila mzigo uliopita wateja wake walilalamika. Akachoma katikati. Ukamwagika kiganjani mwake mchele mweusi, umeshikana, unanuka uvundo. Akaunusa. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mama Pendo, na wewe?"

Nirudi nyuma. Mume wangu alipofariki nilianza kuleta mchele kutoka Mpimbwe, kwa ndugu zangu. Nilipepeta mwenyewe, nikatoa mawe mwenyewe, nikashona mdomo wa gunia kwa uzi mwekundu. Miaka ikaenda. Mnunuzi mmoja akaacha kunichoma, akafuata mwingine. Sokoni kwetu heshima ndiyo hiyo. Hakuna cheti, hakuna anayekutangaza. Mtu anafika, anaona uzi mwekundu, anarudisha bambo kwapani, anasema, "Pakieni." Magunia yangu yalipanda treni kwenda Kaliua bila mimi, na lawama haikurudi.

Tulikuwa na kikundi cha wauza mchele, mwenyekiti wetu Gervas. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, alibeba jeneza lake, mimi akaniita shemeji. Mizigo yetu wote ililala kwenye stoo yake na ufunguo alikaa nao yeye. Nani angemdai ufunguo shemeji? Mvua ilipopenya bati la stoo, ikalowesha mchele wake. Wangu ulikuwa upande mkavu. Akasema ule ulioharibika amewapa kuku. Nikamwonea huruma, nikampelekea na chakula.

Ndugu zangu, ule mchele hakuwapa kuku. Alifumua uzi wangu mwekundu, akautia katikati ya magunia yangu, akashona tena, kwa sababu yangu hayachomwi. Mchele wangu mzuri aliouchota akauza kama wake.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba kuanzia siku ile kila gunia langu lilichomwa juu, kati na chini, mpaka likavuja kama chekeche. Sokoni wakaniita Mama Uvundo. Gervas mwenyewe ndiye aliyenitoa kikundini. "Shemeji yangu, inaniuma," alisema, "lakini jina la kikundi kwanza." Nikaacha kuja kanisani. Niliona hata Mungu ananichoma bambo.

Ndipo Mungu akamtuma Mama Nestori. Mnamjua, yule mama wa Katumba anayecheka mpaka benchi linatikisika. Gunia lake nalo lilikuwa halichomwi. Asubuhi moja akaliburuza, akaliweka likagusana na langu. Mnunuzi alipokuja kwangu na bambo, akamzuia.

"Anza na langu."

"Lako nalijua, mama."

"Hulijui. Kupepeta nilifundishwa na huyu. Kama wake unachomwa, na wangu uchomwe. Choma baba, unaogopa litalia?"

Watu wakacheka. Akachoma. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo, magunia yake yakatoboka pamoja na yangu. Nikamwambia, "Dada, unaharibu jina lako."

"Jina ni langu, naliweka ninapotaka. Kula muhogo huo, umekonda kama njiti."

Sijawahi kupendwa vile na mtu asiye wa tumbo moja na mimi.

Na yeye ndiye aliyeliona debe. Alikwenda kutoa mzigo wake stoo, akalikuta nyuma ya mlango, halina kitako, ndani limegandwa na mchele mweusi.

"Mwenyekiti, debe hili unachotea nini?"

"La kutegea panya hilo."

"Panya wako wanakula wali?"

Akalibeba kichwani mpaka sokoni. Akalisimamisha katikati ya gunia tupu, ndani akamwaga pumba, pembeni akamwaga mchele, akalivuta debe juu, akafunika kwa mchele kidogo. Gunia likawa zuri kabisa. Mnunuzi wa Tabora akaingiza bambo katikati, zikatoka pumba. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Leo akiona uzi mwekundu, anasema, "Pakieni."

Nyie mnaoanza biashara, msimpime mtu kwa kubeba jeneza wala kwa kuwaita shemeji. Mtazameni yule anayeleta gunia lake karibu na lenu siku mnayochomwa. Na mtegemeeni Yesu, ambaye ubavu wake ulichomwa kwa ajili yetu bila kosa. Yeye hakuacha gunia langu peke yake.

Gervas alisema ni wapakizi ndio waliofanya. Kikundi kikasema yaishe. Hayajaisha. Shemeji, umekaa benchi la pili kama kila Jumapili. Nimekusamehe mbele za Mungu, na hilo silirudishi. Lakini usije kunijibu nyumbani, wala usitume wazee. Mimi nilichomwa mbele za watu. Simama, unijibu mbele za watu.