Marehemu Amosi Wilfred Lukwele, Mjomba Aliyekaa Melini

Waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mliopanda mlima kuja kutuzikia, asalaam aleikum. Mimi ni Martina, mpwa wa marehemu. Mama alitakiwa asome yeye, hawezi, sauti imekwisha. Nasoma mimi, na nasema vile alivyokuwa.

Marehemu Amosi alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa Nyandira, Mgeta, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Wilfred na marehemu bibi Faraja. Wa kwanza ni mama yangu, Yuliana. Mtoto wa mlimani kabisa, bahari hata kwenye kalenda alikuwa hajaiona.

Darasa la saba alimaliza mwaka 1976. Shuleni hakuna cha kusifia, tusidanganyane. Mambo yake yalikuwa kanisani, kwenye kile kinanda cha kukanyaga. Miguu yake ilikuwa haifiki chini, basi mama anakaa sakafuni anakanyaga kwa mikono, yeye juu anapiga. Wimbo akiusikia mara moja, umekwisha huo, ni wake.

Mwaka 1984 alidandia lori la kabichi akaenda Dar, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye meli ya abiria. Siku moja baharini mpiga kinanda wa bendi akashikwa na kichefuchefu, anatapika tu. Marehemu akafuta mikono kwenye aproni, akakaa, akapiga mpaka wanafika Mtwara. Sahani hakuosha tena. Mwaka 1991 akachukuliwa na meli ya watalii, na humo ndimo alimokaa miaka thelathini na nne. Wazungu kabla ya kukata tiketi walikuwa wanauliza, Amosi yupo? Alikuwepo. Sisi ndio tulikuwa hatumpati.

Nyumbani alikuja mara moja tu, mwaka 2009, kumzika bibi. Usiku wa tatu hajalala, anamwambia mama, "Dada, nyumba yenu imesimama mno."

Mama akamwambia, "Ulitaka iyumbe? Hapa Mgeta ikiyumba ni maporomoko, tumekufa wote!"

Asubuhi akaondoka na lori la karoti.

Marehemu hakuoa, na mtoto hakuacha. Hilo lake. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Msichana haposwi mjomba hajasema. Na mjomba wangu wa kuzaliwa tumbo moja na mama ni huyu mmoja, yuko baharini anapiga kinanda! Mchumba wangu, Collins wa Kihonda, ameahirishwa mara tatu. Mara ya tatu nilimpigia mwenyewe.

"Mjomba, wakwe wanakuja tarehe ishirini."

"Tarehe ishirini tuko Durban."

"Shuka."

"Nikishuka nani atapiga?"

"Wawekee redio!"

Akaniambia, "Tina, hujaniamkia."

Nikamwamkia, ningefanyaje. Akaitikia marahaba, akakata simu.

Tarehe 3 Mei mwaka huu wa 2025 kiharusi kilimkuta melini, kinanda kikiwa mbele yake. Walimshusha Dar akalazwa, na tarehe 24 tukamleta nyumbani. Upande wa kulia umekufa wote, na kauli hakuna. Yaani mtu tumemngoja miaka yote aje atoe neno, amekuja hana mdomo.

Wakwe tukawaita hivyohivyo, Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Gari lilikwama chini, wakapanda kwa miguu. Mzee Maneno, mkubwa wa ukoo, akasema, "Neno la mjomba linatoka mdomoni."

Mama akamjibu, "Mdomo umekufa, kaka Maneno. Tumchongee mwingine?"

Wanabishana, marehemu ananyoosha kidole uvunguni. Ni kinanda chake kidogo alichotoka nacho melini. Tukamwekea mapajani. Akapiga kwa mkono wa kushoto peke yake ule wimbo wa kumwingiza bibi harusi kanisani. Katikati akaacha kupiga, akamtazama Collins muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, akamalizia. Wamama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Mzee Maneno akachukua fimbo yake. "Huo muziki," akasema, "neno bado. Tungojee apone aseme."

Basi tukangoja. Hakupona. Alifariki Jumanne tarehe 19 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, mama amemshika mkono ule ule wa kushoto.

Marehemu ameacha dada mmoja, Yuliana. Ameacha mpwa mmoja, mimi Martina. Ameacha mkwe mmoja, Collins, yule pale aliyeshika jeneza mbele. Ndiyo, Mzee Maneno, shikamoo, nimesoma mkwe. Ndivyo ilivyochapwa kwenye karatasi mia mbili mlizoshika, na ndoa ni Desemba. Huyu mtu miaka arobaini na moja alikuwa haongei na watu kwa mdomo, alikuwa anaongea nao kwa vidole, na waliokuwepo siku ile wote walimwelewa.

Mjomba, Mungu akupokee, upumzike. Neno lako tumelisikia.