Waliponitaka Nimtaje Mwanamume

Akina mama na akina baba wa usharika huu, Mungu wetu ni mkubwa. Mimi mnayeniona nimesimama nilianza kuliliwa ningali hai.

Ilikuwa wakati wa kung'oa karanga, nami nina mimba changa. Nimeinama shambani, kitu kikapasuka tumboni upande wa kulia. Nikaanguka, nikauma udongo kwa uchungu. Waliponifikisha nyumbani maumivu yalikuwa yamepanda hadi begani na macho yameingia giza.

Desturi yetu mnaijua: mimba ikimtesa mwanamke, basi ametembea nje ya ndoa, na haponi mpaka amtaje huyo mwanamume. Mama mkwe akanikalia miguu.

"Taja, mwanangu, upone!"

"Mama, sina wa kumtaja!"

Mume wangu akachukua fimbo ya ng'ombe. Akanipiga mapajani, mgongoni, usoni. Jino hili, tazameni, halipo. Ndugu zangu, nawaambia, ningetaja jina lolote nipumzike. Lakini nilikataa kwa hasira, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyonishikilia roho.

Kaka yangu akatokea na baiskeli, ametuletea asali. Akanifunua mdomo, akaona fizi nyeupe kama unga wa muhogo. Akachomoa panga.

"Atakayemgusa tena namkata! Leteni kitanda!"

Fimbo ikaanguka. Wakanibeba mbio hadi hospitali ya misheni, mume wangu ameshika mguu wa kitanda wa mbele, panga liko nyuma yake.

Daktari akawaambia mimba ilikaa kwenye mrija wa uzazi, nje ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Tumbo limejaa damu. "Si kosa la mtu," akasema. "Mimba ilipotea njia tu." Akanipasua, akautoa mrija ule. Nilihitaji kuongezewa damu; ya kaka haikupatana na yangu. Ya mume wangu ilipatana.

Nilipozinduka nikaambiwa, nikataka kuing'oa sindano mkononi. Msinicheke! Nilimchukia mwaka mzima, na damu yake ninayo. Hata alipokuja kwetu kupiga magoti sikumjibu upesi. Nilirudi taratibu, na watoto wawili waliokaa pale nyuma wamezaliwa baada ya kisu kile.

Nawashukuru walionibeba, daktari, mama muuguzi aliyenifuta damu usoni, na kaka yangu, Mungu amsamehe lile panga. Nanyi mlioketi hapa, nawasihi: mwanamke akishika tumbo, msimuulize jina la mtu. Mbebeni.