Mzee Ruphin Anaondoka, Bijou Amebaki

Tafadhali, usimsomee mtu ukurasa huu kwa sauti, wala usiupige picha. Ofisi imepewa wasifu mwingine, wa Kiingereza. Huu ni wetu tunaosoma Kiswahili, na neno moja likitoka nje, kazi yangu imekwisha.

Mzee Ruphin Ilunga anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya kuwatunza mbwa wasio na wenyewe katika kituo chetu hapa mtaani Observatory kwa miaka ishirini na mitatu. Alitoka Lubumbashi, akalinda maghorofa ya Hillbrow, kisha akaja kwetu kuosha vibanda. Hakuondoka tena. Koti lake la kazi limejaa matundu ya meno, na mgeni akishtuka humwambia, "Usiogope, mama. Hii koti ilikuliwa na mapendo tu."

Wengi waliopita mikononi mwake ni pitbuli, aina ya mbwa wanaoogopwa kwa kung'ata. Zamani walipata nyumba. Watu walipoanza kudai aina hiyo ipigwe marufuku, wenye nyumba za kupanga wakaikataa, na waliokuwa wakizalisha watoto wa kuuza wakatuletea majike yao, matiti bado yananing'inia. Wengine waliwafunga mbwa wao getini kwetu wakatoweka. Uzalishaji wenyewe haukukoma. Umejificha nyuma ya kuta, na watoto wanatufikia wagonjwa, bila chanjo. Kamati yetu nayo ikaamua: pitbuli akishindwa jaribio la utii, hapewi mtu. Anachomwa sindano ya mwisho.

Mbwa wa Mzee Ruphin walishindwa mmoja baada ya mwingine. Hatukuelewa, maana kwake walikuwa wakilala miguuni. Mwezi uliopita nilitumwa kushuhudia jaribio la Bijou, jike wa kahawia aliyezalishwa kupita kiasi. Mpimaji alimwamuru kwa Kiingereza. Bijou akamtazama tu. Mzee Ruphin, akiwa nje ya uzio, akasema taratibu, "Ikala." Bijou akaketi. Mpimaji alikuwa ameshaandika, na tulipoeleza tuliambiwa matokeo hayabadilishwi.

"Ni miye nilibapoteza, binti," Mzee aliniambia, akimaanisha wale wote walioshindwa. "Eish, nilibafundisha luga yangu."

Tangu siku hiyo hajatania tena.

Mzee wetu, asante kwa kila kibanda ulichoosha na kila mnyama aliyetulia kwa sababu yako. Ustaafu salama, ulale hadi jua litoke. Nimetafuta zawadi ya kukuaga, sijaona nyingine ila hii ifuatayo.

Bijou atachomwa sindano hiyo Ijumaa hiyo hiyo. Ila jaribio la pili linaruhusiwa ikiwa mtu mwenye ua uliozungushiwa ukuta atakuja mwenyewe kuomba kumchukua, naye ndiye hutoa amri. Sisi wafanyakazi tumekatazwa kumtafuta mtu huyo. Kama ni wewe, njoo kabla ya Alhamisi jioni. Usipige simu ya ofisi. Nenda dirisha la mapokezi, mtafute karani mwenye miwani, ndiye mimi, useme umeleta mablanketi. Nitakupeleka kibandani. Mwambie "kuya," yaani njoo, kisha "ikala." Usimsemeshe Kiingereza.