Programu Nyepesi ya Madam Sonal

Tarehe 30 Juni 2025 Madam Sonal anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba kwenye ofisi yetu ya Jinja. Ni yeye aliyeandika programu tunayopimia mahindi ya wakulima, Jinja na Mbale. Sote tunamjua kwa ukali wake juu ya watu wanaokula sambusa karibu na kompyuta. Siku moja alimtoa nje mkurugenzi mwenyewe, Bwana Yusufali, na mkurugenzi akaenda kumalizia sambusa yake kwenye ngazi.

Programu yake ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Faili la kuwashia lilikuwa megabaiti tatu tu. Kazi nyingine alizigawa vipande pembeni: cha risiti, cha ripoti, cha kupiga hesabu ya unyevu wa mahindi. Programu ilikuwa inakiita kipande pale tu kinapohitajika. Kompyuta zetu za Mbale zilikuwa kuukuu, lakini unabonyeza, inafunguka. Akirekebisha kipande kimoja, anatutumia hicho kimoja, hata mtandao ukiwa mbovu.

Sasa niseme yangu. Mimi Nyongesa wa stoo ya Mbale, Machi 2013 nilitaka nafasi ya kuweka video za mpira. Nikaona faili ambalo halijaguswa tangu mavuno, nikalifuta. Lilikuwa la unyevu. Programu iliendelea kufunguka kila asubuhi, kwa sababu hakuna aliyekiita kipande kile. Julai malori yakajipanga mpaka mtaa wa Nabuyonga, Beldina wa mizani akabonyeza unyevu, programu ikakwama. Niliposikia Madam yuko njiani kutoka Jinja, nikalitoa faili kwenye pipa la takataka la kompyuta, nikalirudisha mahali pake. Alipofika, kila kitu kilifanya kazi.

Kosa hakuliona, basi akajihukumu mwenyewe. Aliwaomba wakulima msamaha, akapewa barua ya onyo, akaamua kwamba vipande haviaminiki. Akaviunganisha vyote kuwa faili moja, megabaiti themanini. Tangu hapo tunawasha, tunaenda kunywa chai, tunarudi bado inafunguka. Tukaiita Ndovu. Na mimi nilicheka pamoja na wengine.

Mwezi huu nilipoambiwa niandike wasifu huu, nilishindwa kuanza. Nikaenda Jinja nikamweleza yote. Akauliza faili lilikuwa lipi. Nikamtajia.

"Nyongesa, miaka kumi na miwili nimeamini wazo langu lilikuwa baya."

Nikaanza kuomba radhi, akanikata. "Radhi baadaye. Vuta kiti, tunaipasua programu iwe vipande tena."

Siku tisa alifanya kazi kama msichana aliyeajiriwa jana! Jumanne iliyopita programu ilifika Mbale, ikafunguka kabla Beldina hajainua kidole. Akabonyeza unyevu, kipande kikaitika papo hapo. Beldina akapiga vigelegele mpaka madereva wa malori wakaja kuuliza nani anaolewa. Tena safari hii kuna jipya: kipande kikikosekana, programu inakitaja jina asubuhi ileile, kwa hiyo watu kama mimi hatuna pa kujificha.

Bwana Yusufali ameichana ile barua ya onyo. Iliyonistahili mimi nimeshaipokea, na nimeitia sahihi.

Madam Sonal, asante kwa miaka yote. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na furaha nyumbani. Nenda ukijua, na wafanyakazi wote wajue, kwamba hukukosea. Nilikosea mimi.