Ebitoke vya Mafundi wa Mwanza

Ndani ya gari la kwenda bandari ya Kemondo, bibi mmoja wa Kanazi alipakata kapu la ebitoke vya moto, ndizi za kupikwa, akimweleza mvuvi aliyeketi kati yetu kwamba anawawahi mafundi kabla lori lao halijapanda meli. Binti yake kamletea chumba kilichotengenezwa kiwandani Mwanza, kikaja kizima, na vigae vyake, dirisha na taa.

“Nimepikia mafundi ishirini, waitu, jamani. Wakaja watatu! Sijaepua sufuria, wameshakishusha kibanjani, shambani kwangu, na kuondoka.”

“Mama, hao wabebaji tu. Waliojenga wako Mwanza,” mvuvi akasema. “Mimi kule kisiwani Goziba nalala kwenye kibanda cha mabati. Ningepewa chumba hicho, nisingeuliza fundi alikula nini.”

“Ndiyo maana unalala kwenye mabati.”

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

“Nyumba yangu ya kwanza, kila aliyeshika tofali alikula kwangu, nikamjua kwa jina,” bibi akasema. “Hao walionijengea bila kuniona, nani aliwapikia?”

Gari likasimama Kemondo. Mvuvi akashuka, akajitwika kapu begani, akakimbilia gatini.

“Waambie wasimalize!” bibi akapaza sauti nyuma yake. “Vingine ni vya Mwanza!”