Mzee Valens wa Eksirei na Kanuni ya Bibi

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Valens Harelimana anaaga chumba cha eksirei cha kliniki yetu hapa Kamembe baada ya miaka ishirini na saba. Alianza na mashine iliyonguruma kama kinu cha mpunga. Anatuachia ya kisasa, ambayo kila asubuhi huisalimia kabla ya kutusalimia sisi.

Kazi yake ngumu haikuwa kupiga picha, ilikuwa kuwatoa ndugu chumbani. Kwetu mgonjwa huja na shangazi, jirani na dereva wa moto, yaani pikipiki, na wote wanataka kumshika mkono. Basi Mzee alifunga kamba kwenye kitasa cha mlango, akaitikisa polepole, mawimbi mapana yakapita bila taabu. Kisha akaitikisa mbio mpaka jasho likamtoka. Kadiri wimbi linavyotetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde, alieleza, ndivyo nishati yake inavyozidi. La simu ni la polepole, la eksirei ni la mbio na linaweza kudhuru mwili. Wengi walitoka. Wengine walimwomba arudie, maana hawajawahi kuona mzee akicheza vile.

Mwaka 2010 Clarisse, mfanyabiashara wa Bukavu, alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na binti yake aliyevunjika mkono. Mtoto alikataa kutulia mezani. Mama mkwe wake, Maman Buhendwa, aliyekuja nao, akaamuru Clarisse amshike, akisema yeye mwenyewe hulala na simu kifuani, na mawimbi hayajamfanya kitu. Mzee akatoa kamba yake. Clarisse alitazama mpaka mwisho, akamfuata nyuma ya kioo na kunong'ona:

"Papa, niko na mimba. Mbili zilishatoka. Muntu hajue bado, hata bwana yangu."

Mimba changa haitangazwi, na yeye aliogopa hata kuitaja. Lakini mama asiyemshika mwanawe angeitwaje mbele ya mkwe? Mzee alirudi na uso mkavu, akatangaza kanuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia:

"Hapa mutoto anashikwa na bibi. Mama anangojea inje."

Akamvika Maman Buhendwa aproni nzito ya madini ya risasi inayozuia mionzi, kwa heshima zote. Bibi alimshika mjukuu kwa fahari, mtoto akatulia. Kanuni hiyo tunaifuata mpaka leo.

Clarisse alijifungua salama mtoto wa kiume, Néhémie, ndipo akamweleza mkwe wake, na ameturuhusu kuyaandika haya. Mzee sasa anakwenda kulima mpunga Bugarama, na tayari anawahimiza wakulima wavae kofia, kwa kuwa jua nalo lina mawimbi yake ya mbio.

Mzee wetu, asante sana, na uzee wako uwe wa raha. Umepiga picha maelfu. Tunayokushukuru zaidi ni ile ya mkono mdogo uliovunjika, kwa sababu Néhémie, ambaye leo yuko sekondari, hakuwepo chumbani.